Mashine Haikuzaa Faida, Wakamwua Ndugu Yangu

Mimi ni Mgeni binti Kondo. Baba yangu alikuwa Kondo bin Salum, mkulima wa minazi. Mama yangu alikuwa Tatu binti Mwinshehe, msusi wa mikeka. Nilizaliwa Kimbiji, nikalelewa Mtoni huku Temeke, baada ya baba kuhamia na kupanda shamba lake jipya. Mwaka wa kuzaliwa kwangu haukuandikwa na mtu. Ninalojua ni kwamba nimepita miaka themanini, kwa maana wote niliocheza nao wamekwisha kutangulia.

Sikusoma. Maneno haya nayasema kwa kinywa changu, na anayeyaandika ni mjukuu wangu Rukia. Nimemwonya asiongeze wala asipunguze. Nikilia, asiyaandike machozi. Aandike neno litakalofuata.

Kwa nini nimeamua kusema leo jambo nililolifungia kifuani tangu ujana wangu? Kwa sababu ya Rukia mwenyewe. Juzi aliingia nyumbani uso umemvimba kwa kilio. Alikuwa amenunua hisa za kampuni moja ya mambo ya simu, yeye na wenzake wa kazini, na hisa hizo zimeporomoka hata hazina mnunuzi. Hakuniambia kwamba amepata hasara. Aliniambia, "Bibi, wametuibia!"

Nikamwuliza, "Nani?"

Akanijibu, "Simjui, lakini lazima yupo!"

Wasomaji, neno hilo nililisikia zamani, likitoka vinywani mwa watu niliokula nao na kuzikana nao. Likaua mtu. Nikamwambia, "Chukua kalamu. Keti."

Basi sikilizeni.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kubwa ya pili. Mimi nilikuwa mke wa Mbaraka, na mwanangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Baba yetu alikuwa amefariki, ametuachia minazi mimi na mdogo wangu wa tumbo moja, Shomari.

Shomari alikwenda vitani kijana, akarudi mtu mzima mwenye ujuzi wa mitambo. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa, na mkaidi. Alipenda injini kama wengine wanavyopenda ngoma. Akisikia gari linakohoa barabarani, aliacha chakula akatoka kulitazama.

Yeye na mume wangu walipendana mno. Shemeji na shemeji, hawakukutana ila kwa matani. Mbaraka alimwita "Jenerali asiye na jeshi." Shomari naye alimjibu, "Afadhali mimi jenerali, kuliko wewe sultani wa kuku watatu!" Nilikuwa nawasikiliza huku nikikuna nazi, nikicheka peke yangu jikoni. Ningejua...!

Pale Mtoni palikuwa na mfanyabiashara wa Kihindi, Bwana Rajabali, Mwislamu wa jamaa ya Shia. Alinunua mbata zetu, yaani nazi zilizokaushwa, akaziuza mjini. Siku moja aliwaita watu barazani kwake. Alisema ipo mashine mpya, inayotumia injini, inayokamua mafuta mengi ya nazi kwa siku moja kuliko vijiji vyote vingekamua kwa mwezi. Alikuwa na fedha ya kuileta, lakini hakuwa na ya kuilisha. Akasema, "Mimi nina mashine, ninyi mna nazi. Tushirikiane."

Akaeleza hisa. Hisa moja ilikuwa mnazi mmoja. Mtu aliutoa mnazi wake kwa mashine, na nazi zake zote zikaenda kukamuliwa. Kila mwezi faida ingegawanywa kwa idadi ya minazi. Ninyi mliozaliwa na majengo hamjui, lakini kwetu mnazi huwa na mwenyewe hata ukiwa umesimama katika ardhi ya mtu mwingine. Huuzwa peke yake, hurithiwa peke yake, huwekwa rehani peke yake. Hivyo watu walilielewa jambo hilo upesi, bila kusoma.

Mnazi uliotolewa ulizungushiwa rangi nyekundu kiunoni. Ukaitwa mnazi wa mashine.

Bwana Rajabali alisema pia neno jingine siku hiyo. Alisema, "Biashara ni kupata na kukosa." Nilikuwapo, nilimsikia. Lakini ni nani aliyelisikia lile la pili? Watu walilichukua la kupata wakaenda nalo nyumbani. La kukosa walimwachia mwenyewe barazani.

Shomari akafanywa fundi wa mashine. Siku alipoiwasha kwa mara ya kwanza, ardhi ilitetemeka, moshi ukapanda juu ya makuti, na mafuta yakatiririka meupe kama maziwa... Wanawake tulipiga vigelegele hata sauti zikatukauka! Shomari alisimama juu ya kreti, amelowa jasho, akapaza sauti: "Jamani, huyu si chuma! Huyu ni ng'ombe wa maziwa!"

Ole wangu, mdogo wangu. Kauli hiyo nayo ilikuja kumgeuka.

Mume wangu alishikwa na wazimu wa mashine. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu watoe minazi. Mgawo wa kwanza ulipatikana, kidogo, lakini ulipatikana. Na hapo ndipo watu walipopoteza akili. Hisa zikawa zinauzwa na kununuliwa barazani kama samaki. Mnazi mwekundu ambao jana ulinunuliwa kwa mbuzi, leo ulitakiwa kwa mbuzi na kanga. Watu ambao hawakuwa na minazi waliuza majembe ili wanunue ya wenzao.

Athumani mgema, mtu wa pombe ya mnazi, ambaye msikitini alionekana siku ya Idi tu, aliacha kugema. Aliipaka rangi minazi yote iliyomlisha, akaning'iniza kotama yake, kile kisu cha kugemea, ukutani. Alisema kazi ya kupanda juu imekwisha, sasa anangoja vya chini.

Na Mbaraka? Aliitoa minazi yake yote. Kisha akaitoa yangu. Minazi niliyorithi kwa baba yangu! Sikuulizwa. Nilitoka asubuhi kuokota makuti, nikaikuta imepakwa mikanda myekundu kama watu waliokatwa viuno. Nilipomlalamikia, alicheka. "Mke wangu," alisema, "utakuja kunishukuru ukiwa umekalia kiti cha Kizungu."

Je, mgawo wa pili ulikuwaje? Ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Na wa tatu haukuwapo.

Sababu zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuziona. Ile mashine ilikunywa mafuta mengi ya injini kuliko watu walivyofikiri. Ilipata joto kupita kiasi, ikayaunguza mafuta ya nazi, yakanuka moshi. Wenye kutengeneza sabuni wakayakataa. Mkanda wake mkubwa ulikatika, na mkanda mwingine ulingojwa uje kwa meli. Wakati tukingoja, bei ya mafuta mjini ikashuka. Nazi zikaota zikiwa ghalani.

Hapakuwa na mwizi. Narudia, Rukia, andika vizuri: hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mashine isiyoweza yale tuliyoyatarajia, basi.

Lakini hasara isiyo na mwenyewe ni mzigo mzito sana. Mtu yuko radhi aibiwe kuliko akubali kwamba alikosea! Akiibiwa, yeye ni mwerevu aliyedhulumiwa. Akikosea, yeye ni nani?

Hisa iliyotakiwa kwa mbuzi sasa haikununuliwa hata kwa kuku. Waliouza majembe walilima kwa vijiti. Watu wakaanza kumtazama Bwana Rajabali kwa jicho baya, ingawa mkewe aliyezoea kuvaa bangili hadi kiwikoni sasa alionekana na mikono mitupu. Lakini duka la Rajabali lilikuwa karibu na kituo cha polisi. Mhindi alikuwa na polisi. Shomari alikuwa na dada tu.

Wakaanza kumhesabia. Ile baiskeli yake ameipata wapi? Aliinunua kwa fedha yake ya jeshi, na wote walijua, lakini wakasahau pamoja. Kwa nini mashine huharibika yeye akiwapo? Nani mwingine aishikaye? "Alisema ni ng'ombe wa maziwa," alisema Athumani mgema mbele ya watu. "Basi maziwa anakunywa nani?"

Watu walicheka. Mbaraka naye alicheka, akamgonga Shomari tumbo akamwambia, "Shemeji, mbona hili ndilo pekee linalopanda?"

Shomari hakucheka. Alimwambia mume wangu, "Shemeji, huo si utani tena."

Hapo ndipo walipoamua kusoma halbadiri.

Kwa msomaji asiyejua: ni kisomo cha majina ya mashujaa wa vita vya Badri, ambacho watu wa pwani wakiibiwa humsomea mwizi ili aumbuke. Imani yao ni kwamba mwizi huvimba. Huvimba tumbo, huvimba mdomo, hufa. Na iwapo hakuna mwizi, kisomo huwarudia wasomaji. Si jambo la mchezo.

Walikwenda kwa Maalim wa msikiti wetu, mzee mwenye hekima na jicho moja. Aliwauliza swali moja tu. "Mna yakini ya mwizi, au mna yakini ya hasara?"

Athumani akamjibu, "Maalim, hasara haina miguu. Kuna aliyeileta."

Maalim akasema, "Wewe wa kotama, msikitini hukujui, leo unanifundisha kisomo? Sisomi!" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Laiti wangetosheka. Walimleta msomaji mwingine kutoka mbali, asiyemjua mtu wala habari. Wakasoma Ijumaa baada ya alasiri, mbele ya banda la mashine, moshi wa ubani ukitanda.

Na unajua, mjukuu wangu, nani aliyeununua ule ubani? Shomari! Alitaka kisomo kuliko mtu yeyote. "Wasome, dada," aliniambia. "Wasome hata sauti ziwakauke. Mimi sijachukua hata tone. Kikipita salama, watanyamaza." Aliketi mstari wa mbele, akaitikia amina kwa ile sauti yake kubwa.

Kumbe alikuwa ameketi na mauti yake mdomoni.

Jino lilikuwa likimwuma. Gego la chini, upande wa kulia. Lilimwanza kabla ya kisomo. Mimi mwenyewe nilikuwa nalitia karafuu iliyopondwa na chumvi, na jirani yangu ndiye aliyenigawia hiyo karafuu. Lilikuwa na tundu. Nilimsihi aende hospitali waling'oe. Akasema ataogopaje jino mtu aliyekwenda vitani... Alikuwa mkaidi, nimekwisha kusema.

Siku chache baada ya kisomo, shavu likavimba!

Lilivimba likafunga jicho. Mdomo ukapinda, maneno hayakutoka sawasawa. Alikuja kwangu magharibi, amejifunika kichwa kwa shuka kama mwanamke. Nililifunua, nikalifunika tena upesi. Sikuogopa jino. Niliogopa macho ya watu.

Nilimwingiza chumba cha ndani. Nikamwambia, "Hutoki hapa mpaka lipasuke lenyewe. Likipungua, hakuna atakayejua." Akaitikia kwa kichwa. Ndugu yangu yule mwenye sauti, hakuwa na sauti.

Mbaraka alirudi kutoka msikitini akamkuta. Alisimama mlangoni akamtazama, naye uso wake sikuuelewa. Nikamwangukia miguuni. Nikamweleza habari ya jino, habari ya karafuu, nikamwapisha kwa mwana wetu kwamba hatasema. Akaapa! Akaketi, akalishika bakuli la uji kwa mkono wake mwenyewe, akamnywesha shemeji yake kidogo kidogo.

"Kunywa, Jenerali," alimwambia. "Jino halina adabu, halijui cheo."

Shomari alijaribu kutabasamu kwa upande mmoja wa uso. Hayo ndiyo matani yao ya mwisho.

Wasomaji, mimi nilifarijika. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mume mwenye moyo. Nitajilaumu kwa lipi? Ni nani angeshuku mkono uliokuwa unanywesha uji?

Mambo niliyoyajua baadaye ni haya. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza ni nani aliyewapitia majumbani kuwashawishi. Jina la Mbaraka lilikuwa linatajwa. Kilitakiwa kichwa kimoja, naye akatoa kisichokuwa chake.

Alitoka alfajiri, akasema anakwenda kuswali. Jua lilipochomoza nilikuwa natwanga uani, mtoto mgongoni, nikasikia vishindo vya watu wengi na sauti moja ikisema, "Amevimba! Amevimba! Mungu mkubwa, amevimba!"

Nilikimbilia mlangoni na mchi mkononi. Athumani mgema alikuwa mbele, kotama yake kiunoni. Nyuma yake majirani. Nawataja kwa nyuso, sitawataja kwa majina, kwa maana wana wajukuu. Na nyuma kabisa, mbali kidogo, ameinamisha kichwa, nilimwona mume wangu.

Nilipiga ukelele nikasema ni jino! Ni jino, lilimwanza kabla ya kisomo, mwulizeni jirani! Jirani yangu alikuwapo. Alitazama chini.

"Ondoka, Mgeni," alisema Athumani. "Damu inakudanganya."

Nilimpiga kwa mchi. Nilimpiga begani, nikasikia mfupa ukilia. Mtu mwingine akanirudishia kwa mpini wa shoka, mkono huu wa kushoto ukavunjika kama kuni kavu. Wajukuu zangu mnauona ulivyopinda mpaka leo, mkidhani ni uzee. Nilianguka kifudifudi ili mtoto asibanwe. Walipita juu yetu. Walimkanyaga mtoto wangu kidole. Baba yako huyo, Rukia... andika, usisite.

Wakamtoa Shomari wakimvuta miguu, kichwa kikigonga kizingiti. Wakamburuta hadi kwenye banda la mashine.

Niliwafuata nikitambaa, mkono unaning'inia, mtoto analia mgongoni. Wakamfunga kwenye mguu wa mashine ile ile aliyoipenda. Wakamwuliza, "Umeficha wapi mali yetu?" Alijaribu kujibu. Mdomo uliovimba ulitoa mlio tu. Mmoja akapiga kelele, "Mnaona? Kisomo kimemfunga ulimi!"

Ule mkanda mpya wa mashine ulikuwa umefika na meli, bado haujafungwa. Wakauchukua, wakaanza kumchapa nao. Mkanda mnene, wa kuzungusha chuma! Kila pigo liliinua ngozi. Walipokezana, aliyechoka alimpa mwenziwe. Watu waliosali safu moja, walimpiga mtu aliyeitikia amina pamoja nao.

Ndipo pigo likampata shavuni. Jipu likapasuka. Usaha na damu vikaruka juu ya nguo zao, na lile gego likatoka likaanguka vumbini. Wengine walikimbia wakidhani mwizi anatokwa na laana. Waliobaki walizidi ukali, wakapiga kwa mipini, kwa mawe, kwa visigino... Nilimwita jina. Aligeuza jicho moja lililoweza kufunguka, akanitazama.

Kabla ya adhuhuri ndugu yangu alikuwa maiti.

Lakini hasira haikushiba. Walikuwa wamemwua mwizi, na faida haikuonekana! Wakavunja madebe, wakapekua ghala, wakachimba chini ya sakafu. Hawakupata ila nazi zilizoota. Basi wakaigeukia mashine. Athumani akaitia moto.

Mjinga gani awashaye moto ndani ya banda lililolowa mafuta? Moto uliruka ukamkumba yeye kwanza. Alitoka mbio akiwaka, akaanguka kwenye minazi, na minazi ikashika. Minazi ya mashine, mmoja baada ya mwingine, na nyumba za makuti zilizokuwa kati yake. Mpaka alasiri Mtoni yetu ilikuwa majivu, na Athumani alikufa akiomba maji.

Baadaye watu walinong'ona kwamba halbadiri imewarudia. Mimi sisemi hivyo. Palipo na mafuta, moto hauhitaji kisomo.

Nililitafuta lile gego vumbini kwa mkono mmoja, nikalipata. Nilipolitazama, ndani ya tundu lake mlikuwa na chembe ya karafuu imejikaza. Karafuu yangu. Nikalifunga katika pindo la kanga.

Serikali ilikuja, ikakamata watu. Kesi ilisikilizwa mjini. Bwana Rajabali alisimama akaeleza kwamba faida haikuwapo, na kwamba yeye mwenyewe alipoteza kuliko wote. Sasa walimwamini! Walimwamini, ndugu yangu akiwa kaburini.

Mimi niliitwa. Jaji wa Kizungu aliniuliza kwa njia ya mkalimani kama ninajua kwamba miongoni mwa washtakiwa yumo mume wangu. Nilifungua pindo la kanga, nikaliweka lile jino mbele yake. Nikasema, "Najua. Mume hupatikana, ndugu wa tumbo moja, wazazi wakiisha kufa, hapatikani. Litazameni jino hili, mwone kama lilivimba kwa wizi."

Jirani yangu alipoiona ile karafuu, alilia, akasema kweli mbele ya jaji. Ilikuwa kweli iliyochelewa.

Waliopiga, wengine walinyongwa, wengine walifungwa maisha. Mbaraka hakupiga, yeye alisema tu. Akapewa kifungo cha miaka mingi. Alipopitishwa mbele yangu akiwa na pingu, aliniambia, "Mgeni, nilidhani watamtisha tu." Nilimlea mwanangu kwa kusuka mikeka kama mama yangu, kwa mkono mmoja mzima na mmoja mbovu.

Wakati bendera ya Mwingereza imekwisha kushushwa, asubuhi moja nilisikia hodi. Alikuwa Mbaraka. Mzee, mwembamba, meno machache. Sikumkaribisha ndani, nilimpa kigoda uani, nikampa maji, kwa maana mgeni ni mgeni. Alikunywa. Nilingoja aniombe radhi. Nilikuwa nimejiandaa tangu siku nyingi kwa hilo neno, hata jibu nilikuwa nalo.

Aliweka kata ya maji chini, akatazama huku na huku kama anayeogopa kusikiwa. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mgeni... baada ya yote yale, hukupata kujua? Mali yetu aliichukua nani?"

Wasomaji! Miaka yote ile gerezani, nyuma ya ukuta, na bado alikuwa anamtafuta mwizi!

Nilisimama, nikafungua mlango wa ua. Nikamwambia, "Mbaraka, hakuna aliyeichukua. Ilikwisha." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa uongo, akaondoka. Alikufa kabla ya mwaka kwisha, nami nilikwenda mazikoni kwake, kwa ajili ya mtoto.

Enyi mnaosomewa haya, nawasihi. Mkitia mali yenu katika chombo kipya, kiwe cha chuma au cha simu au cha jambo nisilolijua, tieni ile mnayoweza kuililia bila kumshika mtu koo. Mkipata, shukuruni. Mkikosa, semeni "nimekosa," neno hilo halijaua mtu hata mmoja. Yupo mwizi wa kweli duniani, sikatai. Huyo mpelekeni kwa sheria akiwa amejulikana. Lakini si kila hasara ina mwizi! Msiitafutie hasara yenu uso wa mtu, kwa maana mtaupata, na utakuwa uso wa aliye karibu, mnyonge, asiye na polisi.

Nawe Rukia, futa uso. Hisa zako zimeshuka, hujafiwa.

Sikiliza ninayokuachia. Ule mnazi mmoja uliobaki nyuma ya nyumba, wenye kovu la rangi kiunoni, usiukate. Ni wa baba yangu, na nazi zake wape majirani, wote, hata wajukuu wa wale. Chuma cha mashine kinachoshikilia mlango wa kuku, kiuze kwa wanunuzi wa chakavu, sitaki kikae baada yangu.

Lile jino limo katika kifundo cha kanga, chini ya mto wangu. Nililiweka kwa sababu mimi sijui kuandika, na shahidi asiyejua kuandika hushika kitu. Sasa umeandika. Kesho nipeleke makaburini, tulizike kwa Shomari, lirudi kwa mwenyewe.

Karatasi hii ndiyo uitunze.